Mbwa Mwembamba Hawezi Kukaa Peke Yake

Vijana wangu, kabla hujanyoosha mkono kumpokea mtoto wa mbwa mwembamba wa mbio, nenda kwanza nyumbani kwako, funga mlango, zima redio, kaa kwenye kiti uhesabu ni saa ngapi kwa siku nyumba hiyo inakaa bila mtu. Ukishapata jibu la kweli, njoo tuzungumze. Wengi niliowatuma wakahesabu hawakurudi, na mbwa wakapona.

Nina haki ya kusema hivyo. Mimi ni Matiko wa Kemambo, mhudumu wa mifugo kwa miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo nikisimamia josho la kuogeshea ng'ombe, na kila msimu wa chanjo ya kichaa cha mbwa nikipelekwa vijijini na kisanduku cha barafu begani, Tarime hadi Serengeti. Nimechanja mbwa wengi kiasi kwamba wakipangwa mstari, wa kwanza akasimama Kisaka, wa mwisho atakuwa anakunywa maji ya Ziwa Victoria. Elimu ya sekondari niliipata shule ya jioni, nikiwa tayari na mke na watoto wawili, nikinuka dawa ya josho mpaka mwalimu wa hesabu akaniomba nikae karibu na dirisha. Cheti ninacho. Kimening'inia sebuleni, na kwa kuwa wageni ni wachache siku hizi, mara nyingi nakisoma mwenyewe.

Mwezi uliopita mnunuzi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimewapa watu ushauri kuhusu mbwa hao miaka na miaka, sasa zamu yangu ikafika, nikajikuta sijui la kufanya. Nitafika huko. Lakini mkiona nazunguka zunguka, mjue ndiyo sababu.

Mbwa ninayemsema ni yule mdogo, kimo chake goti langu, miguu ya swala, kiuno cha nyigu, na uso mrefu kama mtu aliyeletewa habari mbaya akiwa anakula. Wazungu wanamwita wipeti. Sisi tunamwita mbwa wa mbio basi. Ni mwembamba hivi kwamba akikutazama uso kwa uso humwoni, inabidi usubiri ageuke. Mmoja nilimwona akikata uwanja wa mpira pale Kisaka, na naapa kivuli chake kilibaki golini kikihema.

Zamani ungemaliza mwaka mzima hujamwona hata mmoja huku kwetu. Sasa vijana wanamwona kwenye simu, wanamtaka. Mmoja wao ni Marwa, mchimbaji mdogo wa Nyangoto. Siku shimo lilipomtabasamia alikwenda Sirari mpakani, akarudi na boksi la sabuni lenye matundu, akalileta moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mzee. Nimeleta mbwa wa mbio."

"Marahaba. Mtoe tumwone."

Akatoka mtoto wa mbwa amekonda, mbavu unazihesabu, tumbo limejaa kama ngoma.

"Aliyekuuzia alisemaje?"

"Alisema, 'Buda, hii ni dogi ya race, hata mamake anashinda huko Nairobi.'"

"Mamake ulimwona?"

"Yuko Nairobi, mzee."

"Anashinda."

"Anashinda, ndiyo."

Sikilizeni, hili liwaingie. Wembamba wa mbwa wa mbio si wembamba wa njaa. Mtoto halisi wa mbwa huyo, ukipitisha kiganja mgongoni unakutana na nyama ngumu pande zote mbili za uti, mapaja yamekaza, kifua kimeshuka, tumbo limepanda juu. Fizi ni nyekundu hafifu, zenye unyevu. Mwenye minyoo ni kinyume: mgongo ni ubao, tumbo ni ngoma, fizi nyeupe kama karatasi. Nikamwambia Marwa kwamba mbwa wake ni mbwa wa kwetu kabisa, damu safi ya Tarime, na ana minyoo ya kutosha kuvulia samaki Mto Mara mwaka mzima. Nikampa dawa. Miezi michache baadaye mbwa yule alikuwa na shingo ya dume la ng'ombe, na mpaka leo analinda zizi la baba yake Marwa, hakuna mgeni anayepita. Wamempa jina la Nairobi. Kwa hiyo Marwa hakupoteza, lakini hakupata alichokitafuta. Usinunue mtoto ambaye mama yake hujamwona, hujamshika, hujamwona akikutazama. Ukiambiwa mama yuko mbali, nawe rudi kwako.

Na ukienda kwa mama wa mbwa, usiende mikono mitupu. Kwa mama yangu mzazi mtoto wa mbwa hakutoka nyumbani mpaka anayemchukua ameacha kitu kwa ajili ya yule mama anayebaki: kibaba cha wimbi, upikwe uji, anyweshwe siku hiyo hiyo. Wazee walisema usipofanya hivyo mtoto atatoroka kurudi kwao. Nilipopata elimu ya jioni nilicheka. Kisha nikaja kuona kwamba mama aliyenyonyesha kweli anahitaji uji, na kwamba mtu anayekumbuka kubeba wimbi ndiye huyo huyo atakayekumbuka dawa ya minyoo na chanjo. Tangu hapo sicheki.

Lakini desturi nyingine ya kwetu iacheni kabisa. Mnaijua: mtoto wa mbwa analishwa pilipili, au anafungiwa na nyigu, ili awe mkali. Mbwa wa zizi anaweza kuisamehe familia yake kwa hilo. Mwembamba hasamehi, na wala hawi mkali, anavunjika ndani. Mzee mmoja wa Kisaka alimfanyia wake, na baada ya hapo mbwa alikuwa akiona kijiko mkononi mwa mtu anakwenda kujificha nyuma ya pipa. Mwembamba si mlinzi, vijana. Habweki. Mwizi akija atamfuata mpaka nje, ikiwa mwizi ana koti la joto. Kama unataka ng'ombe walindwe, mtafute Nairobi wako.

Huyo huyo mzee wa Kisaka ndiye aliyenifundisha jambo la kamba. Kila jioni alimfungulia mbwa wake atembee. Akiita, mbwa anakuja. Akipiga mluzi, anakuja. Alijisifu mbele yangu kwamba mbwa yule ana utii kuliko watoto wake sita. Siku moja swala mdogo akaruka mbele yao, upande ule ambao mashamba yanaishia na mpaka wa hifadhi hauko mbali. Mzee akaita. Akapiga mluzi. Akavua kofia akaitupa. "Matiko," aliniambia, "nilimwona masikio yanajifunga kama mlango." Mbwa wa namna ile anawinda kwa macho, macho yakishakamata kitu kinachokimbia, jina lake mwenyewe halijui. Alivuka mpaka na swala wake na hakuonekana tena. Mzee naye, badala ya kumtafuta mbwa, alishinda siku mbili akiwaeleza askari wa wanyamapori kwamba yeye si mwindaji, na huku ana kamba mkononi na hana mbwa. Nani angemwamini? Ukiishi karibu na hifadhi, kamba haitoki mkononi, au uzio uwe mrefu kuliko wewe. Kuku wa jirani nao muwahesabu kama swala.

Nimeshawachekesha vya kutosha. Sasa niwaeleze la josho.

Nilikuwa mwaka wa pili shule ya jioni, tumeanza kusoma biolojia, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kiasi kwamba nilipita mlangoni kwa ubavu. Hapo shuleni mchana alikuwa akifundisha mwalimu mmoja, tumwite Mwalimu tu, mtu wa mbali, mpole, asiye na mke wala ndugu huku kwetu. Kaka yake alimletea mbwa wa mbio kutoka Kenya, jike dogo la rangi ya majivu. Watu walicheka sana. Mwanamume mzima anatembea na mbwa aliyefungwa kitambaa shingoni, anamnunulia maziwa, na inasemekana analala naye ndani. Kwa Wakurya mbwa analala zizini. Mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele kumtania. "Mwalimu," nilimwuliza, "mahari ulipeleka ng'ombe wangapi?" Akacheka na sisi. Alikuwa mtu wa kucheka na watu halafu anaondoka mapema.

Alhamisi moja, siku ya kuogesha, alikuja joshoni amembeba mbwa kifuani. Kupe walikuwa wamemjaa masikioni.

"Matiko, wewe ndiye daktari wetu. Nisaidie."

Daktari. Neno hilo lilinipanda kama pombe. Ningemwambia amsubiri Bwana Mifugo, mkubwa wangu, ambaye angefika mchana kwa baiskeli. Ningekaa chini tukawatoa kupe wale kwa vidole, kazi ya saa moja. Lakini ng'ombe walikuwa kwenye foleni, wenye ng'ombe wananitazama, na mimi ni mtu wa biolojia. Nikachukua dawa ya josho, nikaongeza maji kwa kukadiria, nikamwogesha mbwa mzima kuanzia pua mpaka mkia. Nikamwambia Mwalimu, "Kesho hutaona hata kupe mmoja."

Mbwa alianza kutetemeka kabla sijanawa mikono. Nilidhani ni baridi. Kisha mate yakatoka, miguu ikalegea. Mwalimu alimfunika kwa koti lake akakaa naye chini, pale pale kwenye tope lililokanyagwa na ng'ombe, na ng'ombe wanaendelea kupita, wanaruka majini, wanatoka upande wa pili wanajikung'uta. Nilimmwagia maji safi, ndoo baada ya ndoo. Kundi la mwisho halijamaliza kupita, akafa.

Nikamwambia Mwalimu maneno haya, nayakumbuka yote: "Pole, Mwalimu. Ni mbwa tu. Utapata mwingine."

Alimzungushia koti vizuri, akafunga vifungo kimoja kimoja kama anamwandaa kwenda shule, akaondoka naye.

Bwana Mifugo alipofika nilimweleza. Alikuwa Mwikoma mmoja, mkavu, mwenye kuongea taratibu.

"Ulimpima uzito?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria kwa ng'ombe gani?"

Akaegemeza baiskeli, akanieleza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Mbwa yule hana mafuta mwilini. Dawa ikiingia kwa mbwa mwingine, sehemu yake inakwenda kukaa kwenye mafuta, inatoka kidogo kidogo. Kwa mwembamba haina pa kukaa. Yote inabaki kwenye damu. Ngozi yenyewe ni karatasi. "Mbwa si ng'ombe aliyepungua, Matiko," alisema. "Na huyu hata si mbwa wa kawaida aliyepungua." Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote niliyoandika: dawa ya josho isimguse mbwa, na mwembamba asiguswe na dawa yoyote ya kupe, ya usingizi au ya kitu chochote kabla daktari wa mifugo hajaambiwa kwamba ni mbwa wa mbio, na hajampima kwenye mizani. Mwambie hata kama anaonekana anajua. Mimi nilionekana najua.

Mwalimu aliomba uhamisho mwaka ule. Kabla hajaondoka nilimwona mara nyingi akipita jioni barabarani, mkono mmoja umekunjwa mbele ya kifua, namna mtu anavyobeba kitu, na hakuna kitu. Nilidhani anatia chumvi. Nilikuwa na mke nyumbani na watoto wananing'inia miguuni, ningejuaje?

Ghati, mke wangu, ametangulia mbele ya haki, huu ni mwaka wa tatu. Mtoto mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma, wanapiga simu Jumapili na wananiuliza kama nimekula. Nyumba ina vyumba vinne, natumia kimoja na nusu. Redio naiacha inaongea hata nikitoka, ili nikirudi nikute mtu ameshaanza mazungumzo. Na watu wazuri kabisa, watu wanaonipenda, wamenipitia mmoja mmoja na kuniambia, "Mzee, utapata mwingine." Nawaitikia vizuri. Moyoni namwona Mwalimu anafunga vifungo vya koti.

Basi ndipo nikasikia habari za Bhoke. Ni dada mmoja anaishi Tarime mjini, ana cherehani na ana mbwa, jike moja la mbio alilolitoa Kenya likiwa na karatasi zote, likazaa watoto watano. Nilikwenda kutazama tu. Hayo ndiyo maneno ya kila mtu anayekwenda kununua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kutazama."

"Karibu utazame. Wanne wana wenyewe tayari. Kabaki haka."

Kalikuwa kadume, ka rangi ya mchanga, kana doa jeupe kifuani. Nilifanya yote ninayowafundisha. Nikapitisha kiganja mgongoni, nikatazama fizi, nikatazama mama, nikauliza chanjo, nikauliza minyoo. Nilijaribu sana kupata kasoro. Kale kadudu kakapanda kwenye paja langu, kakaingiza kichwa chote ndani ya koti langu chini ya kwapa, kakalala. Nilikaa vile mpaka mguu ukafa ganzi, nikiwa naogopa kuomba maji nisimwamshe.

"Nitakushikia mpaka Jumamosi," Bhoke alisema. "Baba unakaa na nani nyumbani?"

"Nakaa mwenyewe."

"Basi hatakosa mtu."

Neno hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Mbwa huyu hawezi kuachwa peke yake, nimewaambia. Akiachwa siku nzima anatafuna mlango, anajichubua, anakataa chakula. Mimi saa ninazo zote. Nikihesabu saa ambazo nyumba yangu haina mtu napata ya kwenda sokoni na ya kanisani. Lakini kuna hesabu ya pili, na hiyo shule ya jioni hawakuifundisha. Akitunzwa anaishi miaka kumi na miwili, wengine kumi na mitano. Mimi nina sabini na mmoja. Nitamwacha katikati, kwenye nyumba yenye redio inayoongea, na nani atamwingiza kwapani? Zizini hawezi. Atatetemeka siku tatu za kwanza, ya nne hatafika. Nilishaua mmoja kwa kukadiria. Sikutaka kumkadiria wa pili.

Shemeji yangu Robi, mdogo wake Ghati, anaishi boma la jirani na huniletea ugali akiona moshi kwangu umechelewa. Nilimweleza.

"Shemeji, unataka mbwa ambaye habweki, halindi, halali nje, na anavaa nguo?"

"Anasikia baridi. Hapa kwetu asubuhi ni baridi."

"Hata mimi nasikia baridi, mbona hujaninunulia nguo?"

"Wewe una mafuta, shemeji."

Alinipiga kwa mwiko. Kisha akatazama mlangoni, nyuma ya mlango, mahali linaponing'inia sweta la Ghati, la kijani, lile alilokuwa akivaa kwenda kukamua. Tangu siku alipotangulia halijasogezwa. Robi alishaniomba mara mbili tuligawe kwa mtu, nikamkatalia mara mbili.

"Nguo yenyewe utaitoa wapi?" aliuliza.

"Nitanunua mtumbani."

Vijana, kwa faida yenu: nguo bora ya mbwa huyo ni mkono wa sweta la sufu la mtu mzima. Unaukata kwenye bega, unatoboa matundu mawili ya miguu ya mbele, upande wa kiganja unakuwa shingo. Haimbani, haimwachii. Nimewaelekeza watu wengi. Nilikuwa naelekeza huku nimeligeuzia kisogo lile sweta.

Jumamosi nilipanda gari na kibaba cha wimbi kwenye mfuko. Nimeshaamua: nakwenda kumwambia Bhoke kwamba sitamchukua mtoto, na wimbi nitamwachia mama kwa heshima, kwa kuwa nilimshikashika. Nilifika nikasema yote, pamoja na hesabu ya pili. Bhoke alinisikiliza huku anashona. Hakuniambia nitaishi miaka mia, na kwa hilo nilimshukuru.

"Haka kana mtu mwingine anakataka," alisema. "Mwalimu wa kike wa hapo juu, ana watoto wawili. Kwa hiyo baba usiumie. Lakini nikuulize wewe mtu wa mifugo. Huyu mama yao ana miaka minane. Hatazaa tena, sitaki azae tena. Mimi mwezi ujao nahamia Musoma kwa mume wangu, chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba hataki mbwa. Watoto wote nimewapatia watu. Huyu kila ninayemwuliza anacheka. Nani huku anamchukua mbwa mzee asiyebweka?"

Nilimtazama yule jike. Alikuwa amelala kwenye gunia chini ya cherehani, pua imeanza kuwa nyeupe, macho yanafuata mguu wa Bhoke unavyopanda na kushuka. Nikapitisha kiganja mgongoni. Nyama ngumu pande zote mbili. Fizi nzuri. Meno mawili yamekwenda. Yangu yamekwenda saba. Minane jumlisha mitano, sita, saba; na sabini na mmoja yangu jumlisha hiyo hiyo. Nilifanya hesabu ile mara tatu kwa kuwa ilikuwa inakuja sawa na sikuiamini.

"Anaitwa nani?"

"Neema."

Nilitaka kutoa wimbi nikakwama. Wimbi ni la mama anayebaki. Sasa mama ndiye anayeondoka, na anayebaki ni Bhoke na kadume kake. Nilimwuliza Bhoke wazee wangesemaje. Akasimamisha cherehani.

"Wangesema tupike," alisema.

Tukapika uji, tukanywa sote wanne.

Robi alinisubiri barabarani. Alimtazama Neema alivyoshuka garini kwa mashaka, mguu mmoja baada ya mwingine kama mwanamke aliyevaa viatu vya kuazima.

"Shemeji. Ulikwenda kununua ndama, umerudi na ng'ombe mzee."

"Tena hana maziwa."

"Na anatetemeka."

Alikuwa anatetemeka kweli. Wingu lilikuwa limeshuka, na siku ile mtumbani sikupita. Siku tatu za kwanza alikaa kwenye kizingiti anatazama barabara ya kwenda Tarime, kila gari likipita anainua kichwa, kisha anakishusha. Hakulia. Nilimwekea dagaa akanusa kwa adabu. Nilimzungushia blanketi, likamwanguka. Sikumwambia atapata mwingine. Nilivuta kiti nikakaa naye pale mlangoni, tunatazama barabara wote wawili, kila mmoja na gari lake analolingoja. Redio nilikuwa nimeizima, kwa sababu ilikuwa ikimshtua.

Siku ya nne asubuhi nilifunga mlango ili upepo usimpige, na mlango ukifungwa, sweta linaonekana. Neema alinyanyuka, akaenda kulinusa upindo wake wa chini, muda mrefu, kama anayesoma. Kisha akanigeukia akitetemeka.

Nilichukua mkasi. Nikaukata mkono wa kushoto begani, nikatoboa matundu mawili, nikamvalisha. Ulimkaa sawasawa. Lililobaki nikalirudisha kwenye msumari wake, na mkono wake wa kulia mpaka leo uko pale pale. Halafu tukala dagaa.